Pini iliyoingia pajani nisiisikie

Kilichonishtua mimi ilikuwa damu, maumivu wala sikuyasikia. Ilikuwa 2016, mwezi wa Ramadhani, kazi zimejaa kama mnavyojua mafundi tunavyokuwa Idi ikikaribia, na mi nina tabia mbaya ya kuchomeka pini kwenye kanga niliyojifunga, hapa juu ya paja la kushoto, maana kile kimto cha pini kila siku watoto wanakipoteza. Binti yangu akaniambia mama mbona unatoka damu. Kuangalia, pini imezama yote pajani kimebaki kichwa, na nimekaa nayo sijui tangu saa ngapi, nakanyaga cherehani, napiga stori na wateja, sina habari. Nikaivuta. Kimya. Nikajifinya pale pembeni nikasikia kama nafinya paja la mtu mwingine.

Ningekuwa na akili ningeenda hospitali kesho yake. Badala yake nikamshukuru Mungu kwamba haijauma nikamalizia madera ya watu.

Mgongo nao ulikuwa unauma kitambo, ila fundi cherehani gani hana mgongo? Nilikuwa nauhesabu kama gharama ya kazi, sawa na macho kuchoka. Tofauti yake nilikuja kuiona baadaye sana: mgongo wa kazi ukilala unapoa, huu wangu ukilala ndo unaamka. Saa nane za usiku nipo uani natembea naenda narudi kama mlinzi, nikisimama afadhali, nikirudi kitandani moto unaanza kiunoni unashuka mbele ya paja mpaka gotini. Halafu goti likaanza kunikatikia. Kuna duka Ngamiani, hapa Tanga, nachukuaga vitambaa, stoo yao ipo juu, na siku moja nashuka ngazi na majora mawili kichwani goti likaachia tu bila taarifa, nikakaa chini pwaa, majora yakatangulia. Watu wakacheka na mi nikacheka.

Zahanati nilienda, sio kwamba sikwenda. Nilitibiwa UTI mara tatu. Nikachomwa sindano za diklo, zile za maumivu, mpaka makalio yakawa magumu. Nikapewa vile vidonge vya neva vya kila siku. Kila anayenisikiliza anasikia neno mgongo anaandika dawa kabla sijafika kwenye habari ya paja, na mimi nilikuwa nasema mgongo kwanza kwa sababu ndo unaouma, ganzi haiumi kwahiyo unaiona haina haki ya kutajwa. Hilo kosa ni langu nusu yake. Shangazi yangu yeye alishatoa hukumu, hili ni chango, wala msihangaike na hospitali, akanipeleka Pongwe kwa mama mmoja anayechua watu.

Na hapa nataka niseme ukweli kwa sababu watu wanapenda kuwasema vibaya hawa mama wa kuchua. Yule bibi alinilaza, akapaka mafuta yake, akaanza tumboni kwa taratibu, alipofika upande wa kushoto karibu na kiuno akasimama. Akabonyeza tena. Akaniambia, "Mwanangu, humu ndani kuna kitu kigumu hakitembei. Mie sichui tena, na usikubali mtu akuchue. Nenda kapigwe picha." Hela yangu akairudisha. Karibu miaka miwili ya vipimo vya mkojo na wa kwanza kuniambia nina uvimbe ni bibi asiyekuwa hata na miwani.

Altrasaundi ikasema kuna uvimbe mkubwa nyuma ya tumbo karibu na figo ya kushoto. Daktari wa upasuaji wa hospitali moja nisiyoitaja akasema hiyo tunafungua tumbo wiki ijayo tunautoa. Wiki ijayo! Nikaulizwa kuhusu hela, sikuulizwa kuhusu mguu. Nilikuwa tayari nishaanza kutafuta hela, nikaambiwa nilale wodini kwa ajili ya vipimo vya damu, na usiku ule akapita kijana mmoja daktari wa mafunzo, wale wanaoonekana wana usingizi muda wote. Akaanza kuniuliza tangu mwanzo, mama ilianzaje, nikamwambia habari ya pini kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akafunua shuka akaangalia mapaja yangu yote mawili kwa muda, akasema mama hili la kushoto mbona limekonda? Hana cha kupimia. Nikamwambia chukua futi kamba kwenye pochi yangu hapo chini ya kitanda, fundi haachi futi nyumbani hata akienda kufa. Akapima kutoka juu ya goti kote kote sehemu ileile, kushoto pungufu sentimita 4. Mimi nimekata suruali za watu miaka ishirini sijawahi kujipima mwenyewe. Halafu akanigonga magoti na kile kinyundo, la kulia likaruka, la kushoto likatulia kama limesusa.

Asubuhi akawaambia wakubwa wake kwamba uvimbe huu huenda umetokea kwenye neva na mtu asiuguse kabla ya kipimo cha picha cha MRI. Sijui alijibiwa nini huko ndani ila operesheni ikasimamishwa nikapewa rufaa ya Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kuja kumwelezea daktari wa mgongo baadaye akasema laiti wangefungua tumbo kwa mbele bila kujua ule uvimbe una mzizi ndani ya mgongo, wangevuta, na ukivuta kitu kilichofungwa kwenye neva unajua mwenyewe kinachofuata. Huyo kijana namwombea dua mpaka leo.

MRI ni lile pipa linalopiga kelele kama mtu anaponda mabati. Walinichoma na dawa mshipani katikati ya kipimo ili uvimbe uonekane vizuri. Majibu: sentimita 9 kwa 7, umeanzia kwenye neva inayotoka kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, kipande kidogo kipo ndani kwenye mfereji wa uti wa mgongo, kipande kikubwa kimetokea nje kimejikunja ndani ya ule msuli mnene wa nyuma ya tumbo, na katikati kimebanwa kiuno pale kinapopita kwenye tundu la mfupa. Wao wanauita dambeli, kile chuma cha watu wa mazoezi. Mimi niliona kibuyu. Na lile tundu la mfupa limepanuka kama tundu la kifungo lililolegea kwa kufungua na kufunga, dokta akanionyesha upande wa pili ambao ni mzima, ni kitundu kidogo tu. Akasema mfupa haujapanuka hivyo kwa mwezi mmoja, hiki kitu kinaweza kuwa kimekaa humu miaka kumi au zaidi kinakua polepole, na huo upole wenyewe ulimfanya awaze kwamba sio saratani.

Sasa hilo neno sio saratani ndo lilileta balaa nyumbani. Kila mtu alifurahi, mama akachinja kuku, na kikao kikakaa kikaamua kwamba basi hamna haja ya kupasuliwa. Mjomba akasema kabisa, "Kama sio kansa liache lilale, mgongo haukatwi, atakayekata mgongo wako unarudi hapa kwenye kiti cha magurudumu." Na mi nilitaka sana kumwamini. Nilikaa miezi mitano nalitaka hilo, nasema sio saratani sio saratani, huku paja linazidi kunywea na usingizi sina. Haya mambo wanayaita uvimbe usio na madhara, sijui nani aliyetunga hiyo lugha, maana yake ni kwamba tu uvimbe hausambai kwenda mapafuni, ila pale ulipo unakula nafasi, na karibu na uti wa mgongo nafasi yenyewe ni ya kuhesabu.

Nilivyorudi kliniki nikamwambia dokta mawazo ya kikao. Hakugomba. Akasema mdogo, wa sentimita moja au mbili, ambao hausumbui, hata mimi ningekwambia tuuache tuwe tunaupiga picha kila mwaka. Wako umeshamaliza msuli na unakula mfupa, na kila sentimita unayoongeza inafanya kazi yangu iwe ngumu na mguu wako uwe rehani. Nikamuuliza habari ya kupooza. Hapo nikajifunza kitu ambacho natamani mjomba angekuwepo akisikie: uti wenyewe wa mgongo, ile kamba kuu, haushuki mpaka chini, unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kuanzia hapo kushuka ni mishipa mingi imening'inia kama mkia wa farasi. Wangu ulikuwa chini ya hapo. Kwahiyo hatari yangu kubwa ilikuwa paja na goti la kushoto, na mkojo kidogo kwa sababu mishipa ya kibofu nayo inapita humo. Mwenye uvimbe kama huu shingoni au kifuani hesabu yake nyingine kabisa, pale kamba yenyewe inabanwa, miguu yote inaweza kwenda. Sisi tunasema tu mgongo, mgongo, kama vile ni kitu kimoja kutoka kisogoni hadi makalioni.

Swali langu la pili lilikuwa, "Dokta, utautoa wote?" Akaniangalia akasema tukae vizuri mama. Akachukua karatasi akachora. Kwa lugha yangu ni hivi: neva ina nyuzi nyingi ndani na juu ina ganda. Uvimbe wa aina hii unatokana na seli za lile ganda, mara nyingi unashika uzi mmoja, nyuzi nyingine zinasukumwa pembeni zinatandazwa juu ya uvimbe kama uzi uliozungushwa kwenye kigurudumu. Kuna ndugu yake mwingine, nyurofibroma, yule anakuwa amefumwa humohumo na nyuzi, kumtoa bila kuzikata ni shida. Wangu walikuwa wanadhani ni wa kwanza. Ule mzizi wa ndani uliozaa uvimbe, akasema, huo nitaukata, haufanyi tena kazi ya maana na kazi ya paja wanagawana mishipa mitatu, wa pili, wa tatu na wa nne, majirani watabeba. Ila huko nje kwenye msuli, kama ganda la uvimbe limegandana na jirani, nitaacha kipande cha ganda. Unakubali nikiacha? Nikamwambia mi nilitaka utoke wote. Akasema naweza kuutoa wote, na unaweza ukaamka goti halinyooki tena. Nikalia kidogo pale, halafu nikasaini.

Tarehe ya kwanza presha yangu ilipanda, 180 kwa mia na kitu, nikarudishwa. Presha ya woga tu. Ndugu walishatoa damu, mjomba huyo huyo akiwa wa kwanza kwenye foleni, akaniambia mie sikubaliani na hili jambo lakini damu yangu chukua.

Siku yenyewe, Machi 2019, niliingizwa thieta saa mbili asubuhi nikapigwa nusu kaputi, kutoka saa kumi jioni. Nayaeleza niliyokuja kuelezwa. Kwanza nililazwa kifudifudi wakafungua mgongo, wakaondoa sehemu ya mfupa wa nyuma na kile kiungo cha pembeni kinachofunika lile tundu, wakakata mzizi na kutoa kipande cha ndani kwa darubini. Na kwa sababu kile kiungo kikiondolewa pingili zinabaki zinacheza, wakaweka skrubu nne na vyuma viwili. Ninazo mpaka leo, baridi ikipiga nazijua. Halafu wakanigeuza ubavu, wakaingilia ubavuni nyuma ya utumbo, wakaufikia ule mkubwa. Hawakuung'oa mzima. Walikuwa na kifimbo cha umeme wanagusia juu ya ganda, wakigusa paja likashtuka maana yake pale kuna uzi mzima, wanahama, mpaka wakapata mahali pakimya ndo wakachana. Wakamaliza kutoa vya ndani, kidogo kidogo, mpaka ganda likanywea lenyewe. Nikasema mbona hii naijua, ndo vile unavyotoa sufi kwenye mto wa zamani, huwezi kuuburuza mto uliojaa utoke kwenye foronya iliyobana, unafumua pindo moja unatoa sufi kwa mkono, kitambaa kikilegea unaona wapi kimeshonewa na wapi kimeshikwa tu. Dokta akacheka akasema kesho uje utusaidie. Kipande kikaachwa kama alivyosema, cha ukubwa wa kucha ya dole gumba, kimegandana na neva jirani.

Kitu cha kwanza kuamka niliambiwa chezesha vidole vya miguu. Vikacheza. Mama akapiga vigelegele wodini, sista akamfukuza.

Ila nisidanganye mtu, wiki mbili zile zilikuwa mbaya kuliko nilivyotayarishwa. Ule utando unaoshika maji ya uti wa mgongo ulifunguliwa ukashonwa, ukawa unavuja kidogo, dalili yake kichwa: ukilala huna neno, ukinyanyuka kinapasuka. Nikalazwa chali siku tano bila kuinuka, na mpira wa mkojo, nalishwa uji kwa mrija kama kichanga. Goti la kushoto lilikuwa dhaifu kuliko kabla ya operesheni, hilo niliambiwa mapema na bado lilinivunja moyo. Na paja ambalo lilikuwa halisikii pini sasa likawa linasikia kupita kiasi pembezoni mwa ile ganzi, kanga ikigusa kama nimepakwa upupu. Nililala na kanga imeinuliwa juu ya boksi. Nikapewa dawa za neva zinazolewesha, zikasaidia polepole, miezi minne hivi.

Majibu ya kile kinyama cha uvimbe kilichopelekwa maabara yalichukua wiki tatu. Nikapewa karatasi, Kiingereza kitupu, natafuta jina langu nakuta Antoni. Antoni A, Antoni B. Nikashuka mpaka dirishani naongea kwa ukali kwamba mmenipa majibu ya mtu, mimi sio Antoni, na kama huyo Antoni yuko mahali na majibu yangu atapata presha. Yule dada wa maabara alicheka akashindwa kusimama. Kumbe huyo Antoni ni daktari wa Sweden, Nils Antoni, ndo aliyegawanya sehemu mbili za uvimbe huu zinavyoonekana kwenye darubini, moja seli zimebanana, nyingine zimelegea kama jeli, toka 1920. Na jina la uvimbe, shwanoma, linatokana na Mjerumani Schwann aliyeelezea zile seli za ganda mwaka 1839. Yaani watu wameshautambua huu ugonjwa tangu enzi za mabibi zetu, na mimi natibiwa UTI.

Kabla hawajaniruhusu daktari mwingine alinikagua ngozi yote, anatafuta madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, akauliza kuhusu masikio, kuhusu wazazi. Nikaogopa kwa sababu mwanangu wa kiume ana doa kama hilo tumboni. Nikaelezwa doa moja watu wengi wanalo, wao wanaanza kushtuka kuanzia sita makubwa, au vivimbe vingi mwilini, au uvimbe wa neva ya kusikia pande zote mbili, hapo ndo wanafikiria ugonjwa wa kurithi. Wa mtu mmoja, mahali pamoja, umri wangu, mara nyingi ni bahati mbaya tu. Nililala usingizi wa kwanza wa kweli siku ile.

Mazoezi nilifanya mwaka mzima, kuinua mguu na mfuko wa mchele wa kilo moja, kupanda kingo za baraza, yule kijana wa fizio akinihesabia kwa simu. Kazini nilirudi mwezi wa tano nikiwa na cherehani ya mota, ya kukanyaga nikampa binti. Ngazi za ile stoo napanda, kushuka nashika ukuta. Watu huja nyumbani na bahasha zao za picha wananiuliza nikubali nisikubali, kana kwamba mi ndo nimesomea. Nawauliza usiku ukilala inakuwaje, na mapaja yako yamelingana? Na nawaambia wakifika kwa daktari waanze na ganzi, mgongo utajisema wenyewe. Na wamuulize ameshatoa mangapi ya aina hii, daktari mzuri hachukii hilo swali, wa kwangu alinijibu bila kukunja uso. Shangazi bado anasema lilikuwa chango lililokomaa.

Kile kipande kilichobaki kinapigwa picha. Mara ya kwanza baada ya miezi sita, halafu kila mwaka, sasa hivi wamenipa miaka miwili. Hakijasogea. Kuna usiku nakifikiria.

Na kila Ramadhani ikianza, kabla kazi hazijajaa, nafunga mlango namwita binti. Nachukua pini na chaki yangu ya kukatia, naanzia mahali panaposikia naingia ndani taratibu, panapokufa naweka alama, tunazunguka hivyo paja zima mpaka inatokea ramani nyeupe, halafu yeye anapima upana kwa futi. Mwaka wa operesheni ilikuwa inchi saba. Mwaka uliofuata tano na nusu. Mwaka jana nne na robo, mwaka huu nne na robo.